Zamu ya Alhamisi

Daktari alitugeuzia kioo.
Kijivu juu ya kijivu, na katikati
kitu kinaning'inia, kinayumba,
kinachungulia mlangoni na kurudi
kila moyo wa kaka ukipiga.
"Chumba cha juu, kulia. Ni uvimbe.
Na kwa sura yake, una nia mbaya.
Miaka kumi na tisa kazini, huu ni wa pili kuuona."

Habari za yule wa kwanza hatukuuliza.

Ndekirwa alijiinua kwa kiwiko, jeli ingali kifuani,
akatazama vile atazamavyo banio kule Mbokomu
asubuhi baada ya mvua kubwa:
"Tope limeziba mfereji. Mnafungulia wapi?"

Walimfungulia Dar es Salaam. Kwa msumeno.
Tuliuza ng'ombe wawili
na mringaringa alioupanda baba.
Waliutoa, si wote;
mzizi ulishaingia ukutani,
barua ilisema, kwa maneno marefu zaidi,
na moja fupi, sarkoma,
ambalo mama alilitamka taratibu
kama jina la mkwe mpya.

Kisha Moshi, dripu kila wiki ya tatu,
dawa nyekundu kama juisi ya rozela.
Alitapika mtori. Alitapika maji.
Nyusi zilipopukutika alisema
sasa jasho litashuka bila kupiga hodi.

Usiku nilimsikia akihesabu mapigo,
anapoteza moja, anaanza upya,
kama mtoto anayehesabu vifaranga.

Mimi ndiye niliyeuliza, koridoni, peke yangu.
"Wengi, miezi. Wachache, mwaka na kitu."
Nilidhani amelala.
"Wengi?" alisema tulipokuwa kwenye teksi.
"Simfahamu huyo. Mimi zamu yangu ni Alhamisi."

Huu ni mwezi wa kumi na saba.
Tunapanda hadi banio; njiani anakaa mara mbili,
ya pili kwa muda mrefu, naangalia kwingine.
Mimi nanyanyua mawe, yeye ananyoosha kidole.
Maji yanakuja: majani kwanza, povu,
chupa ya mtu, halafu maji yenyewe.

"Panavuja pale," anasema. "Na pale."
Nakandika udongo pa kwanza.
Pa pili ananishika mkono.
"Acha. Migomba ya Eliamani imekauka."

Tunakaa, tunasikiliza linavyovuja.