Sanduku la Mwisho

Kazi yangu si nyota, ni masanduku.
Hapa Bonn, ghorofa ya chini, mlango wa mizigo,
nasaini, nahesabu, napapasa pembe kama zimebonyea.

La Meksiko limekuja na vumbi la mlima kwenye bawaba.
La Uhispania lina kikaratasi cha Eufrasio, kwa penseli:
*Usiku wa tatu mawingu. Tusameheni.*
La Chile lilikwama forodhani siku tisa
kwa muhuri uliogongwa kichwa chini.

Ndani, diski zimelala safu safu,
na ndani ya diski, mvumo:
shimo jeusi lilelile, nukta ileile ya usiku,
likisikilizwa na mabakuli ya chuma
ambayo hayajawahi kuonana.

Si mngetuma kwa waya? mnauliza.
Waya ungesongwa miaka.
Mzigo huu hupanda ndege.

Na ndege haitui Ncha ya Kusini.
Huko usiku ni wa miezi sita,
mafuta huganda kama samli.
Halvard huniandikia kila Ijumaa:
*Gesine, sanduku lako nimelifunika blanketi.
Nyuzi sitini na nane chini ya sifuri.
Vitunguu vimekwisha.*

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Lakini nani amewahi kukaa
vidole tisa vimekunjwa tayari,
akingoja cha kumi kitoke kwenye barafu?

Profesa Onodera anapiga simu kutoka Nagoya.
Hafoki. Anavuta pumzi.
Bado?
Bado.

Agosti, redio ikasema
nchi mbili kati ya zetu zimefukuziana mabalozi.
Nikashuka na tochi.
Masanduku yao yalikuwa rafu moja, bega kwa bega.
Sikuyatenganisha.

Novemba, saa kumi alfajiri, lori.
Nikapapasa pembe: nzima zote nne.
Chuma kilikuwa baridi bado,
au ni mkono wangu ulitaka kiwe hivyo.
Juu, wataalamu walikuwa wameshawasha mashine;
nilisikia viti vikiburutwa, mtu akicheka Kihispania.
Picha wataiona wao kwanza.

Mimi nina sanduku la kurudisha.
Diski tupu, fomu nakala tatu,
na katikati, ndani ya soksi za sufu,
vitunguu kumi na viwili.
Halvard ameshaondoka kule, najua.
Atakula aliyepo.