Kipande Namba 318

Norbert, mjukuu wa dada yangu, kanikalisha mbele ya skrini,
kanivika vipokea sauti kama anayemvika mtoto kofia ya baridi.
"Bibi Trauda, leo twende makumbusho."
Nje, theluji ya Bytom inaanguka, inafika chini imeshachafuka.
Nimebonyeza kitufe nilichoonyeshwa
na mguu usio wangu, usio na baridi yabisi, ukapiga hatua.

Mji wenyewe hauna ramani duniani.
Una joka limejikunja juu ya paa la benki,
ulikuwa na makaa ya mawe ya buluu, yakirusha nyumba angani.
Makaa yakaisha, nyumba zikashuka moja moja,
mgodi ukafanywa makumbusho: kiingilio, sarafu mbili.
Nikacheka hadi chai ikanipalia.
Hata huko, Norbert? Hata penye joka, migodi hufungwa?

Basi niwaambie makosa, enyi vijana mlioichora nyumba hii,
maana makosa ndiyo kazi niliyolipwa
miaka ishirini na sita, dirishani, chumba cha taa.
Ngazi zenu safi mno.
Mchimbaji wenu wa nta anatabasamu kwa meno yote thelathini na mawili;
sikuwahi kumhudumia mtu wa namna hiyo.
Kanari anaimba, anaimba. Nimesimama chini ya tundu lake
nikingoja anyamaze, tujue pa kukimbilia.
Wapi! Huyo hakufunzwa kazi.
Na harufu iko wapi, ya soksi, ya baruti, ya mkate na vitunguu?
Norbert anasema harufu bado haijavumbuliwa.

Kisha korido ikakata kushoto.
Sikumwambia mtu kwamba yetu nayo ilikata kushoto.

Kulabu. Safu juu ya safu za kulabu,
kila kulabu na taa, kila taa na namba yake,
na kando, ubao wa vipande vya shaba, mviringo, vimetobolewa juu.
Aliyechora haya apewe mkono. Nani alimwambia?
Sheria ilikuwa hii: nipe kipande, nikupe taa.
Rudisha taa, chukua kipande, nenda kwa mkeo.
Hesabu ya kitoto. Vipande vilivyobaki kwangu
ndio watu walio chini.

Namba 318 alikuwa Engelbert Pyka.
Hakuwa mume wangu, hakuwa kitu changu,
alikuwa tu mtu aliyeuliza kila asubuhi,
"Hii inawaka, au inatania?"
nami kila asubuhi nikamjibu, "Inatania."
Jumanne moja ya mwezi Machi nilimjibu hivyo hivyo.
Asubuhi nilitoa taa mia mbili na kumi.
Jioni zikarudi mia mbili na tisa.
Nilikaa na shaba mkononi mpaka ikapata joto la mwili,
mpaka zamu ikabadilika, ikabadilika tena,
mpaka mtu akaja akanifungua vidole.

Humu nimetoa kipande, nikapewa taa.
Nimeshuka nayo kizimbani, nimempita farasi wa mbao,
nimegeuka, nimepanda, nimetoka mlangoni.
"Ukitoka, kila kitu hujirudisha mahali pake," anasema Norbert,
"ndivyo walivyoupanga mchezo."
Nimeingia tena. Ipo. Kwenye kulabu yake. Inawaka.
Nimefanya mara tatu. Mara tisa.
"Bibi, hujachoka? Hata joka hujaliona."
Niache, mwanangu. Niko zamu.

Saa nne usiku anataka kuzima, kesho ana shule.
Nimemshika mkono.
Zima, nimesema, lakini si hapa chini.
Kwanza tupande.
Tutoke nje, mlango ufungwe nyuma yetu.
Halafu zima.