Penseli Pembezoni

Usinicheke, Birita, unapogonga muhuri.
Ni mara ya tatu nakiazima kitabu hiki,
mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini na minane
katika shule yenye dirisha moja linalotazama kondoo.
Hadithi za vibwengo sikuwahi kuzigusa.
Nilikichukua kwa sababu ya jalada lake la kijani,
na kwa sababu mvua ya Faroe
ilikuwa imeingia siku ya kumi na moja.

Mle ndani mna profesa, Lambert Oddy,
mwembamba kama fito, chavua humtoa kamasi.
Amepanda milima na rula, daftari, na jozi sita za soksi
ili awahesabu vibwengo na kuwapanga kwa ngeli.
Kila ukurasa una tanbihi,
na tanbihi zina tanbihi zake, kuku na vifaranga.
Anapima unyayo: sentimita nne na nusu.
Asubuhi anaamka, mguu wake mwenyewe umepimwa kwa chaki
na soksi ya kushoto haipo.
Nilicheka peke yangu jikoni hadi birika likanijibu.

Sura ya sita wanafanya biashara.
Malkia wao, anayenukia siagi na radi,
anakubali kujibu maswali yote ya profesa
kwa malipo ya neno moja.
Hataki dhahabu, hataki mtoto wa kwanza.
Anataka "labda".
Oddy anaona ni bei ya bure. Anatoa.
Rahisi ni ghali:
tangu hapo hawezi kuandika sentensi ya kitaalamu,
kila asemacho kinatoka hakika, kizito kama jiwe la kinu.
Akiulizwa kama kesho itanyesha, ni ndiyo au la.
Akiulizwa kama anapendwa,
anatafuta miwani yake.

Hapo nikaacha kucheka.
Maana mimi neno hilo sikuliuza, sikuwahi hata kuwa nalo.
Vema, kosa, wino mwekundu.
Hanus aliponiuliza, mwaka ule wa meli ya chumvi,
kama ningemngoja arudi kutoka Grinlandi,
nilimjibu kama mtu aliyeambiwa atoe tatu kwenye mbili:
haiwezekani.
Na watoto wa darasa la sita wanajua inawezekana.

Sasa, pembezoni. Ukurasa wa 112, penseli nyembamba:
*Si kweli. Hawapendi siagi yenye chumvi.*
Utovu wa adabu, nikasema, kuchora kitabu cha watu wote.
Kisha nikachukua penseli yangu: *Ushahidi?*
Nikakirudisha Ijumaa.
Ijumaa iliyofuata nikakiomba tena. Chini ya swali langu:
*Weka dirishani uone.*

Kadi, Birita, ina jina langu tu. Marjun, Marjun.
Usiniambie. Ninyi wa maktaba huwa mnajua.
Yawezekana ni Hanus, ambaye siku hizi anakagua kondoo
na huapa hasomi kitu ila bei za sufu.
Yawezekana ni yule kijana wa posta.
Bibi yangu alikuwa akigonga mwamba mara mbili
kabla ya kumwaga maji ya moto,
watu wa mafichoni wapate kusogea.
Nilimwambia, nikiwa na miaka tisa, mwamba hauna masikio.
Alinitazama kama ninayeacha mlango wazi katika baridi.

Siagi niliweka. Isiyo na chumvi.
Paka wa jirani alikula nusu.
Ile nusu nyingine sina maelezo yake,
na sijayatafuta.

Mwisho wa kitabu ni mwepesi, wa kufurahisha;
kila mtu anapata soksi yake.
Lakini chini ya neno TAMATI, penseli ile ile:
*Mwalimu, tatu ukitoa kwenye mbili?*

Nimekaa nalo siku mbili, ndiyo maana nimechelewa.
Hizi hapa kroni nne za faini.
Jibu nimeliandika, dogo, kwenye kona.
Ukipita na kifutio chako
kile ukurasa ukiache.