Futi Sita kwa Kumi na Mbili

Kabla hatujakwenda uwanjani kwa Pickett
Orrin alichora tela kwa chaki
kwenye sakafu ya ghala letu, Glendive:
futi sita kwa kumi na mbili,
na pua iliyochongoka mbele,
kwa sababu upepo wa Montana, alisema,
haupigi hodi.

"Nyumba tayari tunayo,"
akanionyesha pikapu iliyobeba chumba mgongoni
kama konokono asiye na haya:
kitanda, jiko la mafiga mawili,
sinki la kunawa mkono mmoja mmoja.
"Tela ni la vingine."

Vingine.
Miaka thelathini na minane ya ndoa
ikaitwa vingine.

Tukaanza kuingiza.
Yeye pikipiki, mashine ya kuchomelea,
makopo saba ya misumari iliyopinda
ambayo ataninyooshea siku moja.
Mimi kitanda cha mfumi.
"Kitanda tunacho," akasema.
"Hiki hakilaliwi," nikamjibu,
nikakikokota hadi ndani ya chaki.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema.
Siku ile methali iligeuka juu chini:
wangu, machoni pake, ulikuwa tani nzima,
na pikipiki yake unyoya.

Kwa Pickett theluji ya Aprili
ilikuwa bado imejificha chini ya matela.
Maboksi meupe, maboksi meusi, yote yamefungwa,
na Cordell Pickett mwenyewe, kofia mkononi,
akiyasifu ubavuni kwa kofi
kama mtu anayeuza farasi.
Jeusi linapendeza, akasema.
Jeusi litaoka kila kilichomo, nikasema.
Mlango wa nyuma ushuke uwe daraja,
au ufunguke pande mbili kama kabati?
Ekseli moja, inayogeuka upesi,
au mbili, zinazosamehe pancha?
Orrin alilala chali kwenye tope
akagonga chuma kwa bisibisi, akitafuta kutu,
viatu vyake tu vikijadiliana nasi.

Mimi sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia.
Niliingia ndani ya lile la bei nafuu
nikawaambia wanifungie.

Giza. Harufu ya mbao mpya na gundi.
Sauti zao zikawa za chumba cha jirani.
Kisha, juu, karibu na ribiti,
nyuzi tatu za mwanga,
nyembamba kuliko zote nilizowahi kufuma.
Penye kupita mwanga hupita mvua.
Nilisimama pale zaidi ya ilivyolazimu.

"Vitobo vitatu," nikasema nilipotoka,
na Cordell akavaa kofia yake.

Tulichukua jeupe lililofuata, la ekseli mbili,
lenye mlango mdogo ubavuni.
Ndipo likaja suala la ulimi.
Wasemao ulimi hauna mfupa
hawajauona wa tela.
Chumba chetu kimechomoza nyuma ya pikapu,
kwa hiyo chuma cha kuvutia sharti kirefushwe,
na kila inchi unayoongeza
inakula ratili zako.
Orrin alikokotoa nyuma ya risiti,
akafuta, akakokotoa tena.
Ratili mia tatu zilikuwa zimezidi.

Njia nzima ya kurudi hatukuzitaja.

Jumamosi mpwa wake alikuja kutoka Baker
akaondoka juu ya pikipiki.
"Ni hili goti," Orrin alisema,
akilisugua la kulia.
Linalomuuma ni la kushoto.
Nami nikaacha benchi la kufumia;
nitakalia ndoo.
Makopo ya misumari yamo, yote saba.

Kesho tunakabidhi funguo.
Nimefagia ghala mara mbili
na chaki imegoma kutoka.
Wageni watafungua mlango,
watauona mstari umezunguka mahali patupu,
watanong'onezana
ni nani aliyeanguka hapa,
na mbona alikuwa mkubwa hivi.