Barabara ya Ngapi?

Ngamiani barabara zina namba,
zimejipanga kama kuruta siku ya gwaride,
na hakuna mtoto wa huku anayepotea.
Mimi nimezaliwa ya Kumi na Mbili.
Mwezi huu nimepotea mara tatu.

Mara ya kwanza nilikuwa na mkate kwapani.
Muuza kahawa akagonganisha vikombe, kwa salamu tu,
nami nikajikuta kifudifudi mbele ya fundi baiskeli,
mkate chini ya tumbo, nimeulinda.
Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Karatasi ya daktari inasema: jeraha dogo la ubongo.
Dogo.
Neno hilo nalitembelea kama changarawe kiatuni.
Gari letu lilirushwa, likatua, nikashuka kwa miguu yangu,
nikahesabu wenzangu, nikahesabu bunduki.
Sina kovu hata la kumwonyesha mama mkwe.
Dogo, lakini Zaituni anaficha kiberiti.
Dogo, lakini taa ya jikoni inanichoma kama jua la saa saba,
na jina la mwanangu wa pili hukaa kwenye ncha ya ulimi
likinitazama, lisishuke.

Jumanne na Alhamisi tunakwenda Raskazone,
tuko sita, kwenye ukumbi ambao feni zake zimezimwa
maana Sajini Mntambo hauwezi ule mvumo.
Sista Tunu Kaniki anatukalisha kwenye majamvi.
"Fumbeni macho, mkitaka. Hesabuni pumzi,
moja hadi kumi. Mkipotea, rudini moja."
Koplo Singano akaninong'oneza:
"Walitupeleka vitani, sasa wanatufundisha kupumua."
Tulicheka mpaka kichwa kikaanza kunigonga.

Sikufika kumi. Sikufika hata nne.
Kwenye tatu lilikuja gari, kwenye tatu likaja vumbi,
likaja deni la saruji, ikaja sauti ya dereva wetu
akiulizia chumvi, dakika moja kabla.
Nikamwambia sista: akili yangu imetoroka jeshi.
Hakunipa adhabu. Aliuliza:
"Ukiwa lindo usiku, mtu akija, unafanyaje?"
Namwamuru asimame. Namuuliza ni nani.
"Na akishajitaja?"
Namwambia pita.
"Basi."

Basi nikashika lindo.
Simama! Nani wewe? Mimi vumbi. Pita.
Simama! Nani wewe? Mimi deni. Pita.
Simama!
Huyu wa chumvi hajibu.
Anasimama pale getini, kofia mkononi,
nami sina amri ya kumpitisha wala ya kumfukuza.
Tunatazamana mpaka sista agonge kengele.

Wiki ya tano alileta machungwa ya Muheza,
moja kwa kila mtu, na robo saa nzima ya kulila.
Mntambo, miaka kumi na tisa akimaliza sahani kwa dakika mbili,
alishika ganda puani, akalia bila sauti,
halafu akaomba la pili.

Leo nimetumwa mkate tena.
Nimevuka ya Nane, nadhani, au ya Tisa.
Ukuta huu wa kijani siujui.
Baiskeli zinanipita huku na huku, kengele juu ya kengele,
na moyo umeanza kukimbia wenyewe, bila amri.

Nimesimama.
Nyayo ndani ya kandambili. Jasho mgongoni.
Mkate bado wa moto, joto lapenya gazeti hadi mbavuni.
Msichana mwenye ndoo ananitazama kutoka bombani.
"Shikamoo. Umepotea?"
"Marahaba. Ndiyo."
Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu.
"Hii ni ya ngapi?"
"Ya Kumi na Tatu."

Kumbe nimepita kwetu.
Nimeipita nyumba niliyozaliwa, na mkate wake mkononi!
Namweleza, naye anacheka, cheko la wazi la meno yote,
nami nacheka, nageuka nyuma,
taratibu, si kwa kwata.
Moja.