Matone Kumi, Baada ya Chakula

Bibi yangu Leida aliuza dawa mjini Tartu,
miaka thelathini na minne, dirisha lile lile.
Vibandiko vya chupa havikuzidi upana wa kidole gumba,
basi herufi zake zikajifunza kubanana:
a ikaiegemea n, n ikavuta tumbo ndani,
kama watu wasiojuana waliokutana kwenye lifti.

*Matone kumi. Baada ya chakula. Tikisa.*
Hapakuwa na nafasi ya kusema zaidi.

Nilivikuta kwenye kopo la biskuti, mia mbili na kitu.
Nikavikuza kwenye skrini
mpaka kila herufi ikawa ndefu kama mlango.
Nikaona k ilipotetemeka.
Nikaona õ: kiwimbi cha juu hakukichora,
alipitisha mstari tu, chap, foleni ilikuwa ndefu.
Wiki nzima nilibishana na mstari ule.
Nikauacha.

Sasa ni fonti, inauzwa, na wanunuzi hawamjui.
Iko kwenye mitungi ya jamu ya plamu,
kwenye ubao wa mkahawa huko Riga, supu ya leo,
kwenye kadi ya arusi ya watu wa Porto,
na kwenye barua ya benki iliyojitia urafiki:
*Habari! Umechelewa kulipa.*
Hiyo iliniudhi.
Bibi madeni aliyapiga taipu.

Wateja huniuliza, nami huwajibu kweli:
kwa mabango haifai.
Ukiinenepesha, inavimba uso.
Ukiiandika yote kwa herufi kubwa,
inapayuka kama mtu aliyezoea kunong'ona.
Ipe maneno machache, ipe pembeni.

Juzi Mirtel alikohoa usiku kucha.
Asubuhi nikachapa kibandiko, nikakibandika chupani:
*Matone kumi.* Akakitazama sana.
"Baba, mbona i zote ni ile ile?"
Nilitaka kumweleza habari za kompyuta,
kwamba nilichora a tatu tofauti zipokezane,
na kwamba i niliionea uvivu.
Hakungoja. Alichukua penseli,
akaandika upya chini yake, ulimi nje,
herufi nono, zimekaa miguu wazi,
zikamaliza kibandiko, zikashuka kwenye kioo,
zikaendelea mezani.

Sijazifuta.