Sanduku la Mayai

Julai ya Mafinga, ukungu haubanduki hata saa nne.
Kideri kilimchukua kuku mweusi,
akaacha mayai kumi na tisa, mabichi bado.
Lutengano hakulia. Alisema: Shangazi,
lile sanduku la sabuni liko wapi?

Tukatandika pumba, tukatundika chemli,
kisha tukagombania umbali.
Taa ikiwa karibu, yai la kwanza tulilopasua lilikuwa limeiva.
Ikiwa mbali, tuliyakuta yamepoa kama kokoto za mtoni.
Kipimajoto hatuna. Tulipima kwa kope,
yai juu ya jicho lililofumbwa,
tukapiga msumari, tukang'oa, tukapiga tena,
hata ubao ukajaa matundu ya makosa yetu.
Shibiri mbili kasoro vidole vitatu. Hapo.

Mimi niliziba nyufa zote kwa gazeti,
nikiogopa upepo wa misindano.
Taa ikafuka, ikafifia.
Mtoto akachomoa karatasi moja, akanitazama tu.
Kopo la maji aliliweka mwenyewe.
Na kuyageuza, asubuhi, mchana, usiku,
upande mmoja usizoee kulala.

Zamu ya alfajiri alinitoa nje kwenye umande mkali.
Ile inayong'aa ni Zuhura, mwalimu kasema ndani ni tanuru.
Ile nyekundu Mirihi, baridi, hewa kiduchu.
Akakanyaga ardhi kwa kisigino, mara mbili.
"Na huku, nani aligongagonga misumari?"
Nikaingia ndani kupunguza utambi.

Siku ya kumi na nane mafuta yalikwisha.
Nikakimbilia Kinyanambo na chupa tupu;
niliporudi alikuwa kajikunja kitandani,
mayai ndani ya sweta la shule,
hapumui vizuri asije akayavunja.

Ishirini na moja, kimya.
Ishirini na mbili, usiku, ganda moja likagongwa kwa ndani.

Kimoja. Kimelowa, kibaya wa sura,
kinapiga kelele kama mdai aliyecheleweshwa.
"Taa ni ileile," akasema Lutengano, "maji yaleyale.
Mengine yalikosa nini?"

Sijui, mwanangu.
Akaokota mkaa, akachora mstari ubaoni
palipo na msumari wa mwisho,
akaandika kando yake: HAPA, LABDA.